Jibu: Sauti ya fidla kushuka yenyewe wimbo unaporejeshwa kwenye sikwensa

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeeleza kwamba ukipiga kinanda kwa mkono fidla hutoka sawasawa, lakini ukiurejesha wimbo uliorikodi kwenye sikwensa (sehemu ya kinanda inayorikodi amri za upigaji, yaani MIDI, si sauti yenyewe) sauti hushuka na kupanda bila ya kuguswa, na fundi amekushauri ununue spika mpya. Usinunue. Kasoro ingekuwa ya spika, ungeisikia pia unapopiga kwa mkono. Kwa maelezo yako, uchafu, yaani amri zisizotakiwa, umo ndani ya wimbo wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu yalinifika mimi hapa Mjini, wakati wa masika, nilipokuwa natayarisha nyimbo za harusi. Kila nikifika kipimo (baa) cha 17 fidla zilizama kama zilizotiwa chini ya mto. Nilichomoa pedali ya sauti, nikarejesha wimbo, na fidla zikazama vilevile, nikaiondolea pedali tuhuma. Hapo nilikosea, maana kuchomoa pedali leo hakufuti iliyoyaandika jana.

Nilipofungua orodha ya matukio ya traki ile ya fidla, nilikuta baina ya noti na noti mstari juu ya mstari wa amri za kontrola (vidhibiti kama pedali na magurudumu) namba 11, thamani zikiruka 88, 87, 88, 90, kisha ghafla 61, ilhali mguu wangu haukuwa kwenye pedali kabisa. Namba hizo hueleza mengi: 1 ni gurudumu la modulesheni, 7 ni sauti kuu ya chaneli (njia ya ala moja), 11 ni mpando na mshuko wa sauti ndani ya ile sauti kuu, na 64 ni pedali ya kushikilia noti. Thamani zote huanzia 0 hadi 127.

Ili kujua kama uchafu bado unaingia, fungua traki tupu, rikodi vipimo vinane bila ya kugusa chochote, kisha itazame orodha. Yangu ilijaa namba 11; nilipochomoa pedali na kurudia, ikabaki tupu. Niliifungua pedali nikakuta volyumu yake ya ndani, yaani kile kifaa kinachopima pedali imekanyagwa kiasi gani, imeota kutu ya kijani, jambo lisilostaajabisha kwetu sisi tunaoishi na hewa ya chumvi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme iliitengeneza kwa wiki chache tu, na mwisho nilibadilisha volyumu kwa nyengine yenye kiwango kilekile cha omu.

Kuusafisha wimbo ni kazi ya pili. Futa namba 11 peke yake katika traki hiyo, lakini usiishie hapo, kwa kuwa chaneli huendelea kushika thamani ya mwisho iliyopokea, na fidla zaweza kubaki chini ingawa orodha ni safi. Mimi huandika amri moja ya namba 11 yenye thamani 127 mwanzoni mwa wimbo, kabla ya noti ya kwanza, na hufanya hivyo hata pale ambapo sina shaka.

Kinanda chako kikiwa na kichujio cha kurikodi (pahala pa kuchagua amri zipi zisirikodiwe), zima namba 11 mpaka pedali itengenezwe. Wengi huzima kila kitu kwa hasira, na hapo mpiga taarab hujiumiza, kwani gurudumu la kupinda sauti, ambalo si kontrola bali ni amri ya aina yake, ndilo ambalo baadhi yetu hulitegemea kupata robo toni, yaani sauti zilizo baina ya funguo mbili za kinanda.

Kwa namba 64 tatizo huwa jengine: ukisimamisha kurikodi mguu ungali chini, amri ya kuachia yaweza kukosekana, na noti zikaning'inia. Iongeze kwa mkono, thamani 0.

Ukikuta namba nyengine kabisa kwenye orodha yako, iandike hapa pamoja na thamani tano au sita zinazofuatana, na useme ni vitu gani vilikuwa vimechomekwa nyuma ya kinanda siku uliyorikodi.