Njiti kulala kifudifudi: wodini sawa, nyumbani hapana

Mama, umeuliza kwa nini wauguzi wanamlaza njiti wako (mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati) kifudifudi, na kama uendelee hivyo mkiruhusiwa. Nyumbani usifanye, tafadhali.

Mbavu za njiti ni laini mno. Akilala chali huku anahema kwa shida, kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Kifudifudi, godoro linakishikilia kifua, na oksijeni mara nyingi hupanda. Lakini wodini kuna mashine inayopima mapigo ya moyo na oksijeni usiku na mchana. Nyumbani haipo, na kulala hivyo kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mlaze chali, godoro gumu, bila mto.

Ukimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, angalia shingo: kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa inajikunja. Geuza uso pembeni, kidevu kiinuke kidogo tu. Kichwa kikienda nyuma sana inaziba vilevile.

Akiguna kila anapotoa pumzi, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, midomo ikiwa ya bluu, au pumzi ikikatika, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.