Chambo cha manyoya kinafumuka na kulala ubavu: kasoro iko wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Napeleka wageni kuvua sangara kwa mtumbwi huku Igombe, Mwanza. Mgeni mmoja aliniachia fimbo namba 9 (namba hiyo ni ya uzito wa mshipi inaoubeba) yenye mshipi mzito wa rangi, pamoja na vyambo vya manyoya ambavyo sasa vimekwisha. Nimeanza kufunga vyangu kwa nywele za mbuzi na ndoano za mishipi ya kutega, nikiiga dagaa. Mambo matatu yananishinda. Nikirusha mara kumi tu, nywele zinazunguka kwenye ndoano kisha zinachomoka. Pili, chambo kinalala ubavu na nailoni ya mwisho wa mshipi inajisokota. Tatu, mjini chini ya miti manyoya ya marabu, wale korongo wakubwa, yamejaa tele, naweza kuyatumia?

Jibu: Nzuri, ndugu. Tuanze na la pili, kwa sababu usipolirekebisha hilo, hata ukifunga kwa ustadi wa namna gani utakuwa unapoteza nywele bure.

Chukua ndoano moja tupu uilaze juu ya kioo cha dirisha au cha simu. Ikilala yote sawasawa, ni nyoofu. Ncha ikiinuka na ndoano ikawa inayumba ukiigusa, hiyo imepindwa upande. Ndoano nyingi za kutega hutengenezwa hivyo makusudi, ili ncha imnase kirahisi zaidi samaki aliyemeza chambo kilichotulia. Kwenye chambo kinachovutwa, ule upindo unakuwa pangaboi: kila ukivuta kinazunguka, na nailoni inasokotwa nacho. Unaweza kubana shina kwenye jiliwa ukairudisha ncha kwa plaizi kidogo kidogo, lakini chuma kilichokomazwa vizuri hukatika ghafla, na kile kinachokubali kunyooka kirahisi sangara naye atakikunjua kirahisi. Kwa hiyo tafuta ndoano nyoofu tangu dukani. Usitegemee namba ya pakiti, kwa sababu kuna mpangilio ambao namba ikipanda ndoano inapungua, na ule wa sifuri (1/0, 2/0, 3/0) ambao namba ikipanda ndoano inakua. Nenda na rula: nafasi kati ya ncha na shina iwe milimita 12 hadi 15, shina liwe milimita 30 hadi 35. Kile kijino cha nyuma ya ncha kibonyeze kwa plaizi kabla hujafunga chochote. Wageni wengi wanataka kumrudisha samaki majini, na siku ndoano ikiingia kwenye sikio la mtu mtumbwini itatoka bila kwenda hospitali.

Sababu ya pili ya kulala ubavu ni macho. Umbo unalolitafuta wewe lilibuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1987, na siri yake yote ni macho mawili ya risasi yaliyofungwa upande wa shina ulio mbali na ncha. Uzito huo unaigeuza ndoano majini, ncha ikawa juu, ndiyo maana hainasi mawe ovyo. Mwambao wa Mwanza ulivyojaa majabali, huo si ubora mdogo. Macho yakikaa mshazari, chambo nacho kinaogelea mshazari. Kitazame kwa mbele, kutokea kwenye tundu la ndoano: macho yawe kama mizani iliyotulia.

Ukikosa macho ya dukani, kata waya mgumu wa shaba wenye urefu wa milimita 12 hivi, ubane chubwi (kidonge cha risasi cha kuzamishia) ndogo yenye mpasuo kila mwisho, ukiacha nafasi ya milimita 4 hadi 5 katikati. Zote mbili pamoja zisizidi gramu moja na nusu. Zikizidi, mshipi namba 9 hauzibebi vizuri, na siku moja risasi itagonga fimbo na kuipasua. Kumbuka kwamba katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi. Chambo kinafuata tu. Kwenye maji ya chini ya mita moja hata chubwi ni nzito mno. Tumia vishanga viwili vya chuma kutoka kwenye mkufu wa funguo.

Sasa nywele kuchomoka. Hapa makosa huwa matatu, na mara nyingi mtu huwa nayo yote.

La kwanza, unafunga nywele juu ya chuma kitupu. Ndoano mpya ina mafuta na imesuguliwa ikang'aa. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, kisha anza kuzungusha uzi milimita 4 nyuma ya tundu, mzunguko ukigusana na mzunguko, hadi usawa wa ncha, halafu rudi nao mbele. Pakaa gundi ya supaglu kidogo sana juu ya uzi huo kwa ncha ya sindano. Hilo ndilo zulia ambalo nywele zitang'ang'ania. Uzi uwe wa polista, ule mwembamba wa cherehani, uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili usiteleze. Wa pamba uache. Huoza.

La pili, nywele ni nyingi mno. Karibu kila anayeanza hudhani chambo kinene kina nguvu. Ni kinyume chake: uzi unazibana nywele za nje tu, zile za katikati hazijaguswa, na ikitoka moja nafasi inabaki na nyingine zinafuata. Kishungi ukikibana kwa vidole kiwe na unene wa njiti ya kiberiti, basi. Kikiwa kikavu kitaonekana kichache hadi uone aibu. Kiloweshe uone kinavyokuwa samaki. Na kabla ya kufunga, shika kishungi kwenye ncha zake ukichane upande wa shina kwa mswaki wa zamani au kitana chembamba. Utaona sufi laini inatoka. Hiyo ndiyo adui yako mkubwa. Uzi unaikandamiza, unadhani umekaza, na baada ya kulowa inasinyaa na kifungo kinalegea. Nywele zenyewe zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, maana mafuta ya ngozi ya mbuzi hayashikani na gundi, kisha zianike kivulini. Nzuri ni ndefu za beberu, za ndevuni na za tumboni, sentimita 7 na kuendelea.

La tatu, namna unavyozungusha. Ukiweka nywele na kuanza kukaza palepale, uzi unazisukuma hadi upande wa pili wa shina. Bana nywele na shina pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Pitisha mizunguko miwili iliyolegea katikati ya vidole hivyo, ndipo uvute uzi kwa wima, vidole vikiwa havijaachia. Kisha kaza mizunguko mingine minane. Je, ukaze kiasi gani? Kata kipande cha uzi huohuo ukivute kwenye ndoano tupu hadi kikatike, mara tatu nne, mkono ujue mpaka wake. Kazi yote ifanyike karibu na mpaka huo. Uzi ambao haujawahi kukukatikia mkononi, ujue unaufunga kwa kulegea.

Mpangilio wenyewe ni huu. Macho yakae theluthi moja ya shina kutoka kwenye tundu. Yafunge kwa kupitisha uzi mshazari kama namba 8, mara kumi na mbili, halafu zungusha uzi chini ya macho, kati yake na shina, mara sita kwa nguvu. Mizunguko hiyo sita ndiyo inayokaza ile ya mshazari. Tone la gundi, subiri ikauke. Macho yakizunguka ukiyasukuma kwa kucha, fumua uanze upya. Shungi jeupe linafungwa mbele ya macho, linalazwa katikati yake kama kwenye mfereji, na kubanwa tena nyuma yake kwa mizunguko michache. Usiende mbali zaidi nyuma, nywele zitakosa uhai. Sasa geuza ndoano, ncha iwe juu. Upande huo funga nyuzi sita hadi nane za kung'aa, kisha shungi la rangi ya mgongo, vyote mbele ya macho tu. Nyuzi za kung'aa unaweza kuzitoa kwenye mapambo ya Krismasi.

Kumalizia kusikushinde. Chukua bomba tupu la peni, zungusha uzi juu yake mara moja ukiukatiza chini yake wenyewe, ingiza tundu la ndoano ndani ya bomba, telezesha kitanzi kishuke kichwani mwa chambo, kaza. Rudia mara nne. Kisha rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, au gundi ya mirija miwili. Hii ya pili uizungushe mkononi kama dakika tano, vinginevyo itachuruzikia upande mmoja. Supaglu usiimwage kichwani: hupanda ndani ya nywele na kuzifanya kijiti.

Nywele za rasta za dukani zinafaa sana, pengine kuliko za mbuzi kwa vyambo virefu, kwa kuwa hazinywi maji na ni nyepesi kurusha. Ila zinateleza. Usizifunge mwishoni, zifunge katikati ya urefu wake, kisha ile nusu iliyoelekea mbele ikunje irudi nyuma uifunge tena juu yake. Zikiwa na mawimbi, zichovye kwenye maji ya moto na uziache zikauke zikiwa zimenyooshwa.

Urefu? Dagaa wetu mara nyingi ni sentimita 4 hadi 6. Muweke dagaa mbichi wa alfajiri kando ya ndoano upime. Yule mkavu wa soko la Mwaloni Kirumba ameshajikunja, na fedha ya ubavuni imefifia, atakudanganya. Chambo cha sentimita 7 kinatosha, mgongo wa kijivu au kijani hafifu. Funga na vichache vya sentimita 12, maana sangara anakula pia samaki wadogo waitwao furu na watoto wake mwenyewe. Jua likizama tumia cheusi kitupu: samaki anakiona kwa chini kama kivuli dhidi ya mwanga wa juu, na rangi nyingine hapo ni mapambo tu. Kabla ya kwenda ziwani kivute kwenye beseni kwa nailoni ya sentimita 30. Kinacholala ubavu kwenye beseni hakitajirekebisha ziwani.

Hukuuliza kuhusu nailoni kukatika, lakini utauliza. Mdomo wa sangara hauna meno ya kukata, una vijino vingi vidogo kama msasa, na pembe za mashavu yake ni kali. Nailoni nyembamba husagika polepole, samaki akifika karibu na mtumbwi inaachia. Mwishoni ongeza nusu mita ya nailoni nene, milimita 0.8 au 0.9, na uifunge kwenye chambo kwa kitanzi kisichokaza, ili chambo kicheze. Piga fundo la kawaida bila kulikaza, sentimita 10 kutoka mwisho. Pitisha mwisho kwenye tundu la ndoano, urudishe ndani ya fundo kupitia upande uleule ilikotokea, zungusha mara tatu kwenye nailoni kuu, rudisha tena ndani ya fundo kwa upande huohuo, lowesha kwa mate, vuta. Kila baada ya samaki pitisha kucha juu ya nailoni. Ikikwaruza, kata.

Kuhusu marabu: historia iko upande wako, sheria haiko. Manyoya laini ambayo wafungaji duniani kote huyaita marabu yalianza kwa kutolewa kwa korongo huyuhuyu mwenye upara na mfuko shingoni. Siku hizi yanayouzwa kwa jina hilo ni ya bata mzinga. Kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara, na kuuokota chini ya mti hakukupi kibali cha kuwa nao. Ukiwa na mgeni anayetaka kuondoka na chambo hicho kwenye begi, shida inakuwa ya wawili. Yaache palepale.

Wala hupungukiwi. Kwa mchinja kuku omba manyoya mepesi ya mapajani na ya chini ya mkia, yale yasiyo na mgongo mgumu. Yaoshe kama nywele za mbuzi. Funga mawili, yakitazamana kwa upande wa ndani, mahali pa shungi jeupe. Ukivuta yanajikusanya, ukisimamisha yanafumbuka. Hayadumu, sangara wawili watatu yamekwisha, kwa hiyo yatumie kwenye maji yaliyotulia ambako unavuta taratibu, na yaloweshe kwa vidole kabla ya kurusha mara ya kwanza, la sivyo yataelea.