Maswali yenu: Mzazi amerudi nyumbani baada ya kupasuliwa moyo

Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe pale Muhimbili mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wanapasuliwa hapahapa Dar es Salaam. Ndiyo maana barua za watoto wanaomuuguza mzazi zimeongezeka. Nazijibu za karibuni.

Shikamoo dada. Mama ana wiki mbili tangu afunguliwe kifua. Tukimvuta mikono aamke, analia kwa maumivu. Tufanyeje? (Binti, Tabata)

Marahaba. Acheni kumvuta kuanzia leo. Mfupa wa kidari ulipasuliwa katikati, ukafungwa kwa waya za chuma, na unahitaji kama wiki 6 hadi 12 kuunga. Ukimvuta mkono au kumnyanyua kwapani, unautenganisha. Akunje magoti, ajiviringishe kwa ubavu, ateremshe miguu, nawe umsaidie kwa kumshika nyuma ya mabega. Akikohoa au kupiga chafya, akumbatie mto kifuani. Akalie kiti kirefu kigumu, maana sofa la kuzama litamlazimu ajisukume kwa mikono. Kama choo ni cha kuchuchumaa, toboa kiti cha plastiki imara, ukiweke juu ya tundu. Na jikoni asiguse: kusonga ugali, kukuna nazi, kutwanga, kukamua nguo, kubeba mjukuu, vyote vinavuta kidari. Najua kina mama wetu hawajui kukaa bure, kwa hiyo mtoeni mwiko mkononi kwa upole, lakini mtoeni.

Baba anataka kutembea, sisi tunamwambia alale apate nguvu. Tuko sahihi? (Morogoro)

Hapana. Atembee dakika chache mara kadhaa kwa siku, aongeze kidogo kidogo. Kulala kutwa kunaleta nimonia na damu kuganda miguuni.

Mama amewekewa valvu ya chuma (mlango bandia wa moyo). Ni kweli asile mchicha kabisa? (Wengi mno)

Nimeshalijibu swali hili hapa mara nyingi, na bado kuna wazee wanaonyimwa mboga. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda anayopewa mwenye valvu hiyo, anaruhusiwa kula mchicha, matembele na kisamvu. Kinachotakiwa ni kiasi kisichoyumba. Mboga hizo zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Akila bakuli zima wiki hii na wiki ijayo asile kabisa, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinapanda na kushuka, na daktari anabaki kubahatisha dozi.

Mnaniuliza mchicha, hamniulizi duka la dawa. Mzee akiumwa mgongo, mnamnunulia diklofenaki au ibuprofeni bila kumwambia muuzaji kwamba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Hapo ndipo watu wanapovuja damu tumboni. Parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo ya kuanzia. Na shangazi akileta unga wa majani au vidonge vya vitunguu saumu, mshukuruni, kisha mviweke kando mpaka daktari aulizwe.

Dawa za baba mwenye valvu ya chuma zimeisha, na anajisikia mzima. Tununue nyingine? (Kijana, Mwanza)

Nunueni leo. Valvu ya chuma inataka warfarini maisha yote. Bila hiyo, damu huganda juu ya valvu, na donge likifika ubongoni ni kiharusi.

Nalisema kila nikipata nafasi: familia zetu zinachanga kwa bidii ili mzee apasuliwe, kisha akirudi nyumbani kundi la michango la WhatsApp linafungwa, watu wanapongezana. Lisifungwe. Dawa, kipimo cha INR na nauli ya kliniki vinaendelea kila mwezi. Kama ana bima, ulizeni mapema inalipia nini. Na mchagueni mmoja wenu ashike daftari la dawa. Watoto watano wakigawana kazi hiyo, kila mmoja atadhani mwenzake ameshampa mzee kidonge.

Baba amekuwa mkali, analia usiku, hataki kula. Majirani wanasema amechezewa. (Tanga)

Hajachezewa. Huzuni na machozi baada ya upasuaji wa moyo ni jambo la kawaida, na kwa wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mkae naye, mumsikilize anapotaja hofu ya kufa badala ya kumkatiza. Hali ikizidi wiki mbili, au akisema hataki kuishi, daktari aambiwe. Ila akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, msingoje asubuhi.

Tutajuaje kwamba hali ni mbaya? (Kigamboni)

Karatasi mliyopewa siku ya kuruhusiwa isomeni, haikuwekwa ya kufungia risiti. Homa ya 38 au zaidi, kidonda kutoa usaha, kidari kugonga anapogeuka, kushindwa kupumua akilala chali, kinyesi cheusi kama lami: hospitali. Mpimeni uzito kila asubuhi. Ukipanda zaidi ya kilo 1 kwa siku au 2 kwa wiki, ni maji yanajaa mwilini, pigeni simu.

Mama mwenye valvu anaumwa jino. Aling'oe? (Bagamoyo)

Aende, ila amwambie daktari wa meno kuhusu valvu kabla hajakaa kitini. Anahitaji antibayotiki kabla ya kung'olewa ili bakteria wa kinywani wasishike kwenye valvu, na INR ipimwe kwanza. Warfarini asiisimamishe mwenyewe.