Tochi ya kukagulia noti haitageuza asali

SWALI: Nafundisha kemia Tabora. Nimesoma kwamba mwanga unaweza kuamua kama molekuli zinazojipanga zenyewe zitasokotana kushoto au kulia. Nina tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti. Nikimulika asali, wanafunzi wataona mabadiliko?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mkono wa sukari, yaani umbo la molekuli yake kuwa la kushoto au la kulia, umefungwa na mpangilio wa atomi kuzunguka kaboni zake, na sukari hainyonyi mwanga wa tochi hiyo. Molekuli za kazi hii zina bawaba, mara nyingi azobenzini: mwanga wa nanomita 365 hivi huikunja, wa bluu wa 450 hivi huinyoosha. Zilizonyooka hulaliana kama sahani, kila moja ikijizungusha kidogo, msokoto ukatokea. Zikikunjwa, msokoto hubomoka.

Penye ugumu ni mabaki. Taa hafifu huacha vipande vya misokoto ya awali. Molekuli zikinyooka tena hujijenga juu yake, na mkono unaweza kutoka kinyume na ule ambao zingeuchukua zikianza upya. Ndiyo maana nguvu ya taa na muda wa kumulika hupimwa kwa makini.

Darasani onyesha jinsi mkono unavyopimwa. Toa karatasi mbili za polaraiza (hupitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) kwenye vioo vya vikokotoo vibovu. Moja ifunike taa, nyingine iwe jichoni. Izungushe hadi giza. Yeyusha gramu 100 za sukari ya mezani, jaza maji hadi mililita 200, mimina kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) kufikia kina cha sentimita 10, weka juu ya taa, tazama kutoka juu. Mwanga utarudi, kwa sababu sukari huuzungusha upande wake wa kutetema. Zungusha karatasi ya juu kwa mwendo wa saa: kwa mwanga wa njano, giza hurudi kwenye digrii 33 hivi. Taa nyeupe haitakupa giza, itabadili rangi tu.

Asali ya miombo ichuje vizuri na uiache ilale usiku mmoja majini, maana glukosi huchukua muda kutulia. Kwa kawaida itazungusha mwanga digrii chache kushoto, kwa sababu nyuki huvunja sukrosi (sukari ya mezani) kuwa glukosi na fruktosi, na fruktosi huvuta kushoto kwa nguvu. Waambie wanafunzi kwamba hapo hakuna mkono uliogeuzwa, ni mchanganyiko uliobadilika. Wala usitumie kipimo hiki kumwita muuzaji mchakachuaji. Ni cha kufundishia.

Chupa ya plastiki usiitumie badala ya bika: plastiki iliyovutwa kiwandani hutoa rangi zake yenyewe, hata ikiwa na maji matupu.