Faili Zimefutwa, Nafasi Haijarudi

SWALI: Ninahariri video za harusi kwa kompyuta ya Mac. Juzi nilifuta faili za GB 180 na kumwaga pipa la taka, lakini diski bado inaonyesha kwamba zimebaki GB 6 tu. Nafasi hiyo imekwenda wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Nafasi haijapotea, bali imeshikiliwa. Ikiwa umewasha Time Machine, yaani mfumo wa Mac wa kuweka nakala za akiba, kila saa Mac hunasa hali ya diski na kuitunza humo humo kama kumbukumbu kwa muda wa saa 24 hivi, na faili ulizofuta, maadamu zilikuwamo wakati wa kunaswa, haziachii nafasi yake mpaka kumbukumbu hiyo nayo ifutwe. Anayeweza kungoja hadi kesho na angoje. Mwenye haraka, na mhariri wa harusi huwa na haraka daima, afungue Terminal, programu ya kuandikia kompyuta amri, na kuandika tmutil listlocalsnapshots / ili azione kumbukumbu hizo, kisha tmutil deletelocalsnapshots / ili azifute. Nakala za Time Machine zilizo kwenye diski ya nje hazitaguswa. Kabla ya hayo, funga kabisa programu ya kuhariria, kwa sababu faili iliyofutwa ingali imefunguliwa huendelea kukalia nafasi yake.