Mchanga wa Kigamboni na asidi ya humiki

Tuta langu la kwanza hapa Kigamboni lilikuwa mchanga mtupu. Unamwaga ndoo nzima asubuhi, ikifika jioni ukichokonoa kwa kidole unakuta pakavu, na mbolea uliyotia imeshazama chini pamoja na maji. Mchicha ulikuwa unatoka wa njano, mwembamba. Kwa hiyo muuzaji wa pembejeo aliponionyesha chupa ya maji meusi, akaniambia ni asidi ya humiki na kwamba itafufua udongo, nililipa hapo hapo.

Nikaimwagilia kwenye mchicha bila samadi wala mbolea nyingine. Wiki tatu zikapita, mchicha ukabaki vile vile.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba nimenunua chakula cha mimea. Asidi ya humiki ni sehemu ya mboji, ule weusi unaobaki majani na samadi vikishaoza kwa muda mrefu. Ile ya dukani mara nyingi hutolewa kwenye leonadaiti, jamii ya makaa ya mawe laini yaliyoliwa na hewa kwa miaka mingi sana, kisha huyeyushwa kwa hidroksidi ya potasiamu. Ndiyo sababu lebo nyingi huandika humeti ya potasiamu. Chembe zake zina chaji hasi, basi hunasa virutubisho vyenye chaji chanya kama amoniamu ya mbolea, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, visisombwe na maji kabla mizizi haijavifikia. Mchanga hauna uwezo huo, au unao kidogo mno. Lakini pasipo na kitu cha kunasa, itanasa nini?

Msimu uliofuata nilianza na samadi ya ng'ombe iliyoiva, debe mbili kwa tuta la mita nne za mraba, nikaichanganya hadi kina cha jembe. Nikatengeneza matuta mawili ya sukuma wiki yaliyo sawa kwa kila kitu, ila moja nililitia humiki. Nilitumia ya unga: kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 10, nikamwagilia kwenye shina jioni, udongo ukiwa tayari na unyevu, wiki moja baada ya kuhamisha miche, halafu kila baada ya wiki tatu. (Nguvu ya bidhaa hutofautiana, kwa hiyo fuata kipimo cha lebo yako kwanza.) Mbolea ya urea niliigawa kidogo kidogo badala ya kuitia yote mara moja.

Matuta yote mawili yaliushinda mbali ule mchicha wa mwanzo. Lile lenye humiki lilikuwa na majani ya kijani zaidi kidogo, na nilipong'oa mashina mwishoni, mizizi yake ilikuwa na nywele nyingi zaidi. Tofauti ipo, nimeiona, lakini kazi kubwa ilifanywa na samadi. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua samadi, na juu yake weka matandazo ya nyasi kavu. Na kama bustani yako ina udongo mweusi uliojaa mboji, sioni sababu ya kununua humiki kabisa.

Usiichanganye humiki na mbolea ya naitreti ya kalsiamu kwenye bomba moja. Mimi nilifanya hivyo ili kuokoa muda. Ikaganda kama tope, pua ya bomba ikaziba, nikapoteza vyote viwili. Vitie siku tofauti. Vitu vichachu navyo huigandisha, na tabia hiyo hiyo inakusaidia kuikagua: koroga kidogo kwenye glasi ya maji safi, kisha tia siki. Humiki ya kweli hujikusanya mabongemabonge ya kahawia yanayoshuka chini. Rangi ikibaki imetawanyika vile vile, huenda umeuziwa molasi au rangi tu, au ni asidi ya fulviki, sehemu nyingine ya mboji, ambayo haigandi kwenye uchachu.

Sasa nina shimo la mboji nyuma ya jiko: maganda, majani ya mwembe, kinyesi cha kuku. Humiki ya dukani naitia kwenye matuta mapya tu, yale ambayo mchanga wake bado ni mweupe.