Vitabu vya kufundishia usanifu wa violesura

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na muhula ujao nimepangiwa somo la usanifu wa violesura, yaani namna ya kupanga skrini, vitufe na menyu ili mtumiaji asipotee. Nilichorithi ni mtaala wa ukurasa mmoja usiotaja kitabu chochote. Nianze na vipi?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, anza na kitabu ambacho kompyuta si habari yake kuu. The Design of Everyday Things cha Donald Norman, kilichotoka mwaka 1988 kwa jina tofauti kidogo na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2013, kinazungumzia milango, majiko na swichi za taa, na hapo ndipo penye faida: hata mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika programu huelewa mara moja kwamba mpini wa kushika humwalika mtu avute, na kwamba mlango wenye mpini huo ukilazimika kubandikwa karatasi ya “Sukuma”, mwenye kosa ni aliyeusanifu, si anayehangaika kuuvuta. Watoe darasani wakaitafute milango ya namna hiyo hapo chuoni; sidhani kama wataikosa.

Kwa skrini zenyewe, chukua Don't Make Me Think cha Steve Krug, cha mwaka 2000, ila utafute toleo la tatu la 2014. Ni chembamba kwa makusudi, kwani mwandishi alitaka kisomeke katika safari moja ya ndege, na kwa mwanafunzi anayesoma Kiingereza kwa kusuasua ufupi huo ni neema. Mifano yake ni ya Kimarekani, kwa hiyo weka ya kwenu. Kanuni 10 za usanifu wa violesura za mtaalamu Jakob Nielsen, za mwaka 1994, kwa mfano, zinataka makosa yazuiwe kabla hayajatokea. Ni nani darasani asiyejua thamani ya kuona jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri na kutuma fedha kwa simu?

Kitabu kinene cha Ben Shneiderman, Designing the User Interface, kilichoanza kutolewa mwaka 1986, kibaki mezani kwako; ukiwapa wanafunzi mapema, watakariri istilahi tu.

Krug hushauri pia programu ijaribiwe na watu watatu kila mwezi. Mwombeni mhudumu wa kantini aijaribu ya wanafunzi wako, nao wamtazame bila kumwelekeza. Kunyamaza ndiko kutakakowashinda.